Shamba na Ishamba

Zipora alikuwa mtu wa kinyaa tangu utoto wake. Kule Mishamo, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi alikozaliwa, mama yake alizoea kusema binti huyu akipewa maharage atayachambua sahanini kama anayatafutia kesi. Kikombe alichonywea mtu mwingine hakukigusa mpaka kisuguliwe kwa majivu. Wenzake walimcheka sana, lakini pua ile haikuwa ya kuchekwa. Iliwajua ndagala, dagaa wa ziwani, waliolala, iliyajua mawese yaliyochanganywa, na mara nyingi ilimjua hata mtu anayekuja na uongo mfukoni.

Siku alipokuja kijana wa ramani, pua haikusema kitu. Kijana alinukia sabuni tu.

Wakati huo Zipora alikuwa mjane wa makamo, na alikuwa na michikichi yake kwenye kilima kimoja juu ya Kizuka, mahali ambapo ukisimama unaliona ziwa lote mpaka milima ya Kongo. Yeye na mumewe Leonsi walirudi Burundi wakakikuta kiwanja cha babu yake Leonsi kimejaa majani makali. Walikilima kwa mikono yao. Leonsi alichimba mashimo ya michikichi akiwa tayari anakohoa, akafa kabla miti haijazaa mkungu wa kwanza. Kwa hiyo Zipora alipokuwa akichuma ngazi zake, matunda ya mchikichi, akikamua mawese na kuyapeleka soko la Rumonge, hakuwa anafanya biashara peke yake. Alikuwa anaendeleza mazungumzo na mumewe.

Jambo jingine la kumjua Zipora ni Kirundi chake. Walipofika kutoka Tanzania, alikitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na watu wa kilima walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakamwita Mtanzania. Zipora akaapa: kama Kirundi changu kinawachekesha, basi mtakula Kiswahili changu mpaka mshibe. Tangu hapo, kanisani, sokoni, msibani, Kiswahili tu, tena kile kilichonyooka, cha redio.

Kijana wa ramani aliitwa Aristide. Alitoka Bujumbura, na proje moja, yaani mradi, ilikuwa imemtuma apite kila kilima aandike ardhi inatumikaje: wapi msitu, wapi mashamba, wapi nyumba. Leta, ndiyo serikali, ilitaka mpango mmoja wa ardhi utakaokwenda pamoja na ahadi zake za hali ya hewa na viumbe hai. Ukiyasikia hivyo, ni maneno mazuri, wala hakuna mwenye akili atakayeyapinga. Aristide alikuwa na Kirundi kizuri na Kifaransa kizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Amahoro, mama," alisema, simu yake kubwa mkononi. "Hapa iko nini?"

"Shamba," akajibu Zipora.

"Ishamba?"

"Shamba, ndiyo. Huoni?"

Aristide akatazama. Aliona miti mirefu imebanana, kivuli kizito, majani yameota kwenye magogo, kijani tupu mpaka kijitoni. Akabonyeza simu yake, na kile kipande chote kikageuka rangi ya kijani.

Sasa kwa asiyejua, nimweleze. Kwa Kirundi ishamba ni msitu, ni pori la miti ambalo jembe halijapita. Kwa Kiswahili shamba ni pale pale jembe lilipopita. Irabu moja tu mbele ya neno, na dunia inasimama kichwa chini miguu juu. Watu wa ufuko huu wameishi na maneno hayo mawili miaka mingi na hawajawahi kupotezana, kwa sababu mtu akisema, wewe unamtazama amebeba jembe au amebeba kuni. Aristide hakutazama mikono ya mtu. Alitazama simu.

Adhuhuri Karoli, mkuu wa kilima, alimkaribisha kwa mihogo na ndagala, na katika maongezi akamwambia, "Wewe mutoto ya Bujumbura, huku watu wanachanganya. Ukisikia shamba, jua ni mahali pa kulima. Ni champ."

"Ala, kumbe," akasema Aristide, na akafurahi kujifunza kitu. Lakini hakurudi kwa Zipora kusahihisha. Kurudi kulikuwa ni kupanda kilima upya, na jua lilikuwa linachoma, na mihogo ilikuwa imemkaa vizuri tumboni.

Akaenda kwa Speciosa. Huyu alikuwa jirani ya Zipora upande wa juu, mama wa Kirundi hasa, ambaye hakuwahi kukimbilia nchi ya mtu. Juu ya nyumba yake kulikuwa na msitu. Si msitu mkubwa, lakini ulikuwa wenyewe, wenye miti ambayo hakuna aliyeipanda, wenye tumbili na ndege na uyoga wa masika, na katikati yake chemchemi iliyoteremka kuwa kijito, kikapita chini ya michikichi ya Zipora, kikaingia ziwani. Wakati wa vita watu waliobaki walilala ndani ya msitu ule. Speciosa mwenyewe alijifungulia mtoto wake humo, mkono wa mama yake ukiwa umemziba mdomo.

"Na pale juu iko nini?" Aristide akamwuliza.

"Pale iko ishamba."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Ishamba haina mwenyewe. Iko ya Imana, ya Mungu."

Aristide akatabasamu, maana safari hii alijua: watu wa huku wakisema ishamba, wanataka kusema shamba. Shamba, champ, halina mwenyewe. Akabonyeza, na msitu ukawa rangi ya njano, rangi ya ardhi ya kulima isiyo na mtu. Mimi nasema heri mjinga mzima kuliko mwerevu nusu. Mjinga mzima angeuliza mara mbili.

Masika yakapita. Asubuhi moja Zipora akakuta bango la bati limesimikwa kwenye mlango wa michikichi yake, limeandikwa kwa herufi kubwa: ISHAMBA RYA LETA. Akalisoma kwa Kiswahili chake, shamba la Leta, akidhani Leta imemnyang'anya ilime yenyewe. Karoli alipokuja kumweleza kwamba hapana, ni msitu wa Leta, ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Shamba ungeweza kulibishania. Kwenye msitu wa Leta panga haliingii, mkungu hauchumwi, na mtu haonekani humo.

"Karoli," akasema Zipora, "hii miti umenisaidia mwenyewe kuipanda."

"Najua, mama. Lakini ramani imeshakubaliwa huko juu. Mimi ni mukuru wa kilima, si mukuru wa ramani."

Na siku hizo hizo msumeno wa injini ukaanza kulia kwa Speciosa. Boaz, mwenye vinu vya mawese, mtu aliyekuwa akiutamani ule udongo mweusi wa msituni tangu zamani, alikuwa ameomba ardhi ya njano isiyo na mwenyewe, akapewa. Aliijua ile kuwa ni msitu kama alivyoijua pua yake. Aliona ramani, akaona bahati, akafunga mdomo. Kufikia mwisho wa kiangazi msitu ulikuwa visiki. Pale pale kwenye chemchemi, kwa sababu ya urahisi wa maji, Boaz akajenga kinu cha kukamulia.

Hapo ndipo pua ya Zipora ilipoanza kuteseka kweli kweli. Kwanza ilimjia harufu ya nyumbani. Ngazi zake ziliiva, zikaiva kupita kiasi, zikaozea juu ya miti, na michikichi yake yote ikanuka pombe iliyochacha, na nzi wakaja kwa mawingu. Alisimama nje ya shamba lake kama mtoto aliyefukuzwa mezani, akaitazama kazi ya Leonsi inadondoka chini vipande vipande, laini, nyekundu, yenye funza. Kisha ikaja ya kijitoni. Maji ya uchafu wa kinu yalitoka juu yakiwa kahawia na povu, na mafuta yakitambaa usoni mwake. Samaki wadogo walielea wamegeuza matumbo. Zipora alitapika pale pale ukingoni, akajifuta, akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda pikipiki kwenda Rumonge.

Huko kwenye ofisi ya komine alimkuta Aristide, na pamoja naye mshauri kutoka Bujumbura, bwana mnene mwenye sauti ya taratibu, ndiye mwenye proje. Zipora alieleza jambo lote tangu mwanzo. Hakukuwa na kitu kigumu ndani yake. Shamba, ishamba. Alipofika mwisho, Aristide alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

"Ni kweli, patro," akamwambia bosi wake polepole. "Nilikosea. Nilikosea huku na huku."

Zipora akapumua. Alidhani yamekwisha. Mtu akikiri kosa, si linasahihishwa?

Mshauri akakuna shavu. "Mama, nikueleze. Leta imeahidi misitu isipungue. Sasa sera ya ardhi na malengo ya hali ya hewa vinatembea pamoja, na ripoti imeshakwenda. Nikilitoa shamba lako kwenye msitu, msitu unapungua."

"Msitu umeshakatwa, mheshimiwa. Nenda kautazame."

"Kwenye ramani haujakatwa. Kulikuwa na msitu, na msitu upo. Umehama kidogo tu. Hata picha za setilaiti, ukitazama kwako, ni kijani kizuri."

"Kwa hiyo msitu uliokatwa haujakatwa, na shamba ninalolima halilimwi."

"Umeelewa vizuri sana, mama," akasema mshauri, na uso wake haukuwa na dhihaka hata chembe. Hilo ndilo lililomchefua Zipora. Angecheka, angekuwa mwizi, na mwizi anajulikana. Huyu alikuwa ameridhika. Kisha akaongeza, kwa ukarimu, "Tunaweza kukufanya mlinzi wa ule msitu. Utapewa kofia."

Zipora akatoka.

Jioni Boaz akamfuata nyumbani. Alikuja anatabasamu, vidole vyake vinang'aa mafuta, akavilamba kimoja kimoja wakati anaongea.

"Dada Zipora, shida yako iko ndogo. Wewe vaa ile kofia. Chuma alfajiri, niletee mimi, kinu iko karibu. Karoli hawezi kukuona, mimi nitaongea naye."

"Niibe shamba langu mwenyewe?"

"Wewe na maneno yako. Kula na kipofu, mradi usimguse mkono."

Akamnyooshea mkono wa kuagana. Zipora aliutazama ule mkono uliotoka kulambwa, mikono yake mwenyewe akaificha nyuma ya mgongo. Tangu siku hiyo Boaz alimtangaza kilima kizima kuwa ni mwanamke wa majivuno.

Aliyekuja baadaye ni Speciosa, na bidoni tupu kichwani. Siku hizi alikuwa anashuka mpaka ziwani kufuata maji. Alilitua bidoni, akakaa, akamtazama Zipora kwa jicho baya.

"Wewe ndiye ulisema shamba. Ungesema umurima, kwa Kirundi, kama watu, haya yote hayangekuwa."

"Na wewe ukasema ishamba. Ungesema msitu."

"Mimi niseme Kiswahili kwenye kilima cha baba yangu?"

"Na mimi niseme Kirundi mnicheke?"

Upepo ukaleta harufu ya kinu, na wote wawili wakaziba pua kwa pamoja. Hapo Speciosa akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, na Zipora naye akacheka. Speciosa akasema, "Nilikuambia zamani. Hata kabla ya hawa. Ile mistari ya michikichi uliyopanda mpaka kijitoni inakunywa maji yote. Hukunisikia." Zipora aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa amemjibu kwamba kila shina ni jasho la Leonsi, na hatang'oa hata moja kwa sababu ya vyura wa kijitoni.

"Wageni wanakuja," akaendelea Speciosa. "Wazungu na wakubwa ya Bujumbura. Wanakuja kuona ishamba yako. Watakuita useme, wewe mulinzi."

"Nikisema shamba watasikia kile wanachotaka."

"Basi usiseme shamba. Sema umurima."

Zipora akasita. Kisha akalitamka, na kiazi cha moto kilikuwa bado mdomoni miaka yote hii. Akasubiri kicheko. Speciosa hakucheka. "Tena," akasema. Wakakaa pale mpaka neno likalainika.

Siku ya wageni, mahema yalifungwa mbele ya bango. Viti vya plastiki, brosheti za nyama, chupa za maji kutoka mjini. Watu wa kilima walisimamishwa pembeni. Mshauri akasimama kusifu jinsi ardhi, hali ya hewa na viumbe hai vilivyofungwa sasa katika nira moja, na wakati anaongea, kitu kikatikisika juu ya michikichi. Walikuwa tumbili. Msitu wao ulipolala chini hawakuwa na pa kwenda, wakashuka kwa Zipora, wakawa wanakula ngazi zinazooza. Katika kilima kizima, wao ndio peke yao walioitii ramani.

"Mnaona," akasema mshauri, na sauti ikamtetemeka kwa furaha. "Viumbe hai vimerudi msituni."

Wageni wakapiga makofi. Wengine wakapiga picha. Zipora, amesimama na ile kofia ya ulinzi aliyoletewa asubuhi hiyo, ameishika mkononi maana hakuweza kuivaa, aliona mtoto wa tumbili akidondosha tunda lenye funza juu ya kitambaa cheupe cha meza ya wakubwa, na hakuna aliyeliona.

Akaitwa mlinzi wa msitu aseme. Aristide akasimama kando yake kutafsiri kwa Kifaransa. Zipora akajikohoza. Aliwaona watu wote wa kilima, wale wale walioshika mbavu zamani.

"Hano si ishamba," akasema. "Ni umurima."

Kirundi kilitoka safi. Hapana aliyecheka. Karoli alitazama chini. Aristide akafungua mdomo, akamtazama mshauri, na mshauri akamtazama yeye. Kisha Aristide akasema maneno mengi kwa Kifaransa, na Zipora hakujua Kifaransa, lakini neno moja alilijua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa chini kwenye lile bango: forêt, msitu. Makofi yakapigwa tena, marefu zaidi.

"Murakoze," akasema Zipora. "Basi wageni wanywe maji kabla hawajaondoka. Msitu wetu una chemchemi."

Speciosa alikuwa tayari. Alikuja na sinia, na juu yake glasi za Zipora, zile zilizosuguliwa kwa majivu mpaka zikawaka. Ndani yake kulikuwa na maji ya kijito. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na uso wake ulikuwa na ngozi ya mafuta inayozunguka polepole, na harufu yake ilifika kwenye mahema kabla ya sinia.

Huku kwetu mtu hamkabidhi mgeni kinywaji hivi hivi. Mwenye kukaribisha anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili ajulikane si mlozi. Na akishaonja, ukikataa, umemwita mlozi mbele ya majirani zake. Kila Mrundi aliyekaa pale alilijua hilo, kuanzia mshauri mpaka dereva.

Zipora akachukua glasi. Zipora, asiyegusa kikombe cha mtu. Watu wa kilima, waliomjua, walianza kunong'ona. Akanywa. Hakuonja tu, alikunywa mara mbili, na ile ngozi ya mafuta ikamganda kwenye mdomo wa juu. Macho yakamtoka machozi. Akameza, akamnyooshea mshauri.

"Ni maji ya ishamba, mheshimiwa. Karibu."

Mshauri akarudi nyuma hatua, kiti kikaanguka. Akasema ana tumbo. Zipora akakaa vile vile, mkono umenyooka, mpaka kila mtu akaona. Kisha akamgeukia Aristide. "Mwanangu, wewe je?"

Aristide akaipokea. Alikuwa amelelewa vizuri kijana huyu, hilo tusimnyime. Nyumbani kwao alifundishwa kupokea kwa mikono miwili. Akaifikisha midomoni, akainusa, na uso wake ukakunjamana. Hakuweza kunywa na hakuweza kuirudisha. Glasi ikainama, maji yakamwagikia shati lake jeupe, na ndipo akaanza kusema, kwa Kifaransa, haraka haraka, akionyesha michikichi, akionyesha juu kwenye visiki, akijionyesha mwenyewe kifuani. Makofi hayakupigwa. Mama mmoja mgeni akasimama, akauliza njia ya kupanda juu. Wakapanda wote. Waliporudi hawakula brosheti.

Mambo yakasahihishwa, basi, kama yanavyosahihishwa mambo ya watu wakubwa. Bango likang'olewa. Zipora akarudishiwa michikichi yake. Boaz akaambiwa ahamishe maji machafu ya kinu, akasema sawa, na mpaka sasa anasema sawa. Mshauri alitolewa kwenye proje akapewa kazi nyingine, na wanaoijua wanasema ni kubwa zaidi. Na msitu? Walisema ungewezaje kupakwa kijani, haupo. Ukaachwa njano. Kilima kizima sasa ni mashamba matupu, na ramani, kwa mara ya kwanza, haina kosa.

Zipora aliumwa tumbo, akalala. Alipoamka, Speciosa alikuwa mlangoni, bidoni kichwani, anatoka ziwani.

"Shamba yako imerudi," akasema.

"Imerudi."

"Haya." Hakuuliza habari ya msitu. Akapita zake, na maji yakimdondokea mgongoni.

Siku ile Zipora akachukua shoka. Alianza na mistari ya chini, ile ya kijitoni, shina la kwanza kabisa ambalo Leonsi alichimba shimo lake akiwa anakohoa. Alikata akilia, na alikuwa akitukana. Watu wakaja kusema Zipora ana moyo wa huruma, anawapendelea viumbe. Uongo mtupu. Alifanya kwa kinyaa. Hakuweza tena kuchuma mkungu wa shina lililokunywa maji yale na kumwuzia mtu mawese yake. Aliiacha ardhi ya ukingoni ijiotee inavyotaka. Majani yakaja kwanza, kisha vichaka, kisha vijiti ambavyo Speciosa alivitambua kwa majina, mbegu zilizodondoshwa na tumbili. Hao aliwaachia mstari mmoja wa ngazi, na Boaz alipomletea sumu ya kuwaulia, aliimwaga chooni mbele yake.

Aristide akaja tena, mvua za mwaka mwingine, kurekebisha ramani. Proje ilikuwa mpya, simu ilikuwa mpya. Alikuwa amekonda kidogo. Alisimama mbali kwanza, akamtazama Zipora mikono: jembe. Ndipo akauliza.

"Amahoro, mama. Hapa ni nini?"

"Shamba."

"Umurima," akasema Aristide.

"Umurima. Andika."

Akaandika. Kisha akatazama chini kwenye kijito, kwenye giza dogo la miti michanga ambayo haikuwa na mstari wala mwenyewe. Ndege alikuwa analia humo. Kidole cha Aristide kikakaa juu ya simu, kinangoja neno.

"Na huku chini, mama?"

Zipora akaweka jembe begani, akasimama katikati ya kijana na ile miti.

"Huku chini," akasema, "usiandike."